Aliyekoma hedhi naye aambiwe ukweli wote kuhusu homoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jibu fupi lililotolewa hivi karibuni katika ukurasa wako wa afya. Msomaji mmoja, mwanamke wa miaka 51, alieleza kuwa usiku huamka ameloa jasho, kwamba mchana huvamiwa na joto la ghafla linalopanda kutoka kifuani hadi usoni, na kwamba usingizi umemkimbia kwa karibu mwaka mzima. Akauliza kama kuna dawa. Alijibiwa kuwa hiyo ni hatua ya kawaida ya maisha, kwamba avumilie, na kwamba dawa za homoni azikwepe kwa sababu huleta saratani ya matiti. Zilikuwa sentensi tatu tu. Nilizisoma mara nyingi, kwa sababu nami niliambiwa maneno hayo hayo miaka mitatu iliyopita, na kwa kuyaamini niliteseka muda mrefu bila sababu.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari mkoani Tanga, na nina umri wa miaka 54. Kwa zaidi ya miaka 25 nimewafundisha wasichana na wavulana habari za hedhi. Huchora ubaoni mji wa mimba, mirija na ovari zake mbili, kisha huchora mistari inayoonyesha jinsi homoni mbili za kike, estrojeni na projesteroni, zinavyopanda na kushuka katika siku 28. Vipindi vitatu vizima hutumika kueleza hedhi inavyoanza na inavyokwenda. Jinsi inavyokoma nilikuwa nikiieleza kwa sentensi moja, kwamba kati ya miaka 45 na 55 ovari za wanawake wengi huacha kutoa mayai, halafu nafuta ubao. Hakuna mwanafunzi aliyeniuliza zaidi ya hapo, na mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza.

Ramadhani ya mwaka 2022 nilifunga mwezi mzima bila kukatiza hata siku moja. Mwanamke wa Kiislamu hawezi kulisahau jambo kama hilo, maana tangu nivunje ungo, ukiacha miaka ya mimba na kunyonyesha, kila mwaka nilibaki na deni la siku tano au sita za kulipa kabla Ramadhani nyingine haijaingia. Mwaka ule sikuwa na deni. Hedhi yangu ilikuwa imeanza kuruka miezi tangu nilipofikisha miaka 48, na baada ya Idi haikurudi tena. Madaktari huhesabu kuwa mwanamke amekoma hedhi pale inapopita miezi 12 mfululizo bila kuona damu. Lakini mwili hausubiri hesabu hiyo, na ile miaka ya kuyumba inayotangulia mara nyingi ndiyo yenye taabu kubwa zaidi.

Taabu yangu ilishika kasi wakati wa kaskazi. Tanga mwezi wa Januari kila mtu huona joto, kwa hiyo mwanzoni sikushtuka. Lakini hili lilikuwa joto la namna nyingine. Lilianza chini ya kifua kama jiko lililopulizwa, likapanda shingoni, masikioni na usoni, moyo ukaenda mbio, na ndani ya dakika tatu au nne jasho likatiririka mgongoni hadi blauzi ikagandana na ngozi; kisha likaondoka kama lilivyokuja, likaniacha natetemeka kwa baridi. Siku moja lilinikuta nimeshika chaki, nimegeukia ubao, katikati ya mchoro. Nilisimama vivyo hivyo nimewapa wanafunzi mgongo, nikisubiri lipite, na darasa zima likawa kimya nyuma yangu. Usiku nilikuwa nikilala na khanga tatu kando ya kitanda. Ya kwanza ikiloa naivua najifunga ya pili, na kabla ya adhana ya alfajiri ya tatu nayo imeloa. Mume wangu alihamia sebuleni, kwa sababu kila aliponigusa nilimsukuma, naye akadhani nimemchoka. Mimi niliyekuwa na maneno yote ya baiolojia sikuwa na neno la kumweleza.

Nilikwenda zahanati. Nilipimwa malaria kwa kipimo cha haraka, kipimo hakikuonyesha kitu, na bado nikapewa dozi ya mseto. Mara ya pili nilipimwa taifodi, nikapewa antibayotiki. Mara ya tatu nilieleza kuwa nikienda haja ndogo naungua na kwamba mkojo unanibana kila saa. Nikaambiwa ni yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, nikapewa antibayotiki nyingine. Katika safari zote hizo hakuna aliyeniuliza mara ya mwisho niliona siku zangu lini. Siwatuhumu wahudumu wale kwa nia mbaya, maana niliiona foleni waliyokuwa nayo, lakini swali hilo halina gharama, na lingeokoa dawa zote nilizomeza bure. Nyumbani nako shangazi yangu alishikilia kwamba nimetupiwa kitu, akataka nipelekwe kwa mganga. Mwishowe, katika hospitali moja, nilipata jibu lile lile alilopewa msomaji wako: ni utu uzima, vumilia, na homoni zina saratani.

Kuhusu kuvumilia, ningependa wasomaji wajue urefu wa uvumilivu unaotakiwa. Utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake kwa miaka mingi na kutoa matokeo yake mwaka 2015 uligundua kuwa, miongoni mwa wanawake wanaopatwa na joto hilo mara kwa mara, nusu yao hukaa nalo kwa zaidi ya miaka 7, na kwa wanawake weusi waliokuwamo katika utafiti huo muda huo ulizidi miaka 10. Hiyo ndiyo miaka ambayo mwanamke anasomesha, anauguza wazazi, anasimamia duka au shamba, na wengine ndiyo kwanza wamepewa vyeo kazini. Kumwambia avumilie bila kumwambia ni kwa muda gani ni kumnyima haki ya kuamua.

Hofu ya saratani nayo ina tarehe yake. Mwezi Julai 2002 watafiti wa Marekani walisimamisha kabla ya wakati sehemu moja ya utafiti mkubwa uitwao Women's Health Initiative. Katika sehemu hiyo walikuwamo wanawake 16,608 wa miaka 50 hadi 79. Baadhi yao walipewa kidonge chenye estrojeni iliyotokana na mkojo wa farasi wenye mimba, iliyochanganywa na dawa ya jamii ya projesteroni iitwayo medroksiprojesteroni, na wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka mitano na kidogo ilionekana kwamba waliopewa dawa walipata saratani ya matiti kwa asilimia 26 zaidi ya wenzao. Magazeti ya dunia nzima yaliibeba asilimia hiyo katika vichwa vya habari, na mamilioni ya wanawake wakaacha dawa zao.

Asilimia 26 ni neno zito, lakini ni asilimia 26 ya nini? Hapa naomba nifanye kazi yangu ya ualimu. Katika utafiti ule, kwa kila wanawake 10,000 wasiotumia dawa, 30 walipata saratani ya matiti kwa mwaka. Kwa kila 10,000 waliotumia, walikuwa 38. Ongezeko ni wanawake 8. Chukua Uwanja wa Benjamin Mkapa, unaoingia watu 60,000, uujaze wanawake wa rika hilo, wote wawe wametumia vidonge vile kwa mwaka mmoja: waliopata saratani wangekuwa 228, na kama wote wasingetumia, wangekuwa 180. Wale 48 wa ziada ni watu, kila mmoja ana jina na watoto, na siwadharau hata kidogo. Kulikuwa pia na ongezeko la karibu kiasi hicho hicho la kiharusi, la damu kuganda na kwenda kwenye mapafu, na la maradhi ya moyo. Lakini katika hesabu hiyo hiyo waliovunjika nyonga walipungua kutoka 15 hadi 10 kwa kila 10,000, na wenye saratani ya utumbo mpana wakapungua kutoka 16 hadi 10. Mwanamke akiambiwa namba zote anaweza kuzipima. Akiambiwa neno saratani peke yake, kilichobaki ni kuogopa.

Kuna jambo jingine ambalo vichwa vya habari vya mwaka 2002 havikulisema kwa sauti. Wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, na wengi wao walikuwa wamekoma hedhi miaka mingi nyuma. Hawakufanana na huyu wa miaka 51 anayebadili khanga usiku. Sehemu ya pili ya utafiti ule, iliyohusu wanawake walioondolewa mji wa mimba na kupewa estrojeni peke yake, ilisimamishwa mwaka 2004 kwa sababu ya kiharusi, lakini saratani ya matiti haikuongezeka humo. Tangu hapo matokeo yamechambuliwa upya kwa kufuata umri, na leo vyama vya madaktari wanaoshughulikia jambo hili, kikiwamo cha Amerika Kaskazini katika tamko lake la mwaka 2022, husema kuwa kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu akome hedhi, na asiye na kizuizi cha kiafya, faida za kutibu joto hilo kwa homoni huzidi hatari zake. Dawa zenyewe nazo zimebadilika. Estrojeni ya plasta ya kubandika ngozini au jeli ya kupaka huingia kwenye damu bila kupita kwanza kwenye ini, na haionekani kuongeza hatari ya damu kuganda kama vidonge vinavyoongeza. Mwezi Novemba 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ambayo iliweka onyo kali katika pakiti za dawa hizi kuanzia mwaka 2003, ilitangaza kuwa sehemu kubwa ya onyo hilo itaondolewa. Wapo wataalamu waliosema tangazo hilo limekwenda mbele ya ushahidi, na inawezekana wana hoja. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kuwa mjadala umesonga sana, nasi bado tumeshika kichwa cha habari cha zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Mhariri, jambo linaloniuma zaidi ni hili. Ile medroksiprojesteroni iliyokuwa katika kidonge cha mwaka 2002 ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika sindano ya miezi mitatu ambayo mama zetu, dada zetu na sisi wenyewe tumechomwa katika kliniki za uzazi wa mpango kwa miongo kadhaa. Siandiki haya kumtisha anayetumia sindano, kwa kuwa umri wake, kipimo chake na haja yake ni vingine kabisa. Naandika kwa sababu homoni si mgeni katika zahanati zetu. Sindano, vijiti na vidonge vimefika hadi vijijini, na wauguzi wetu wamefundishwa kuvieleza, kumpima mama presha, kumuuliza kama ana uvimbe wa titi au kama mguu umewahi kuvimba. Vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango vina nguvu ya homoni kubwa kuliko tiba anayopewa mwanamke aliyekoma hedhi. Kwa hiyo maarifa tunayo, na moyo wa kuhudumia tunao, lakini vyote viwili vinaishia pale mwanamke anapoacha kuweza kuzaa. Hata utafiti wetu wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na malaria, uliofanyika mwaka 2022, huhoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Siku ya kutimiza miaka 50 mwanamke anatoka katika hesabu, wakati ambapo mwili wake unapitia badiliko kubwa kuliko lolote tangu avunje ungo.

Wapo ambao badiliko hilo haliwajii polepole. Uvimbe wa kizazi, ule ambao madaktari huuita faibroidi, huwapata zaidi wanawake weusi, na baadhi yao hufikia hatua ya kuondolewa mji wa mimba. Wengine huondolewa na ovari zote mbili kwa upasuaji huo huo. Jirani yangu mmoja alifanyiwa hivyo akiwa na miaka 41. Alirudi nyumbani akijua kuwa kizazi kimetolewa, basi. Hakujua kuwa ovari nazo zimeondoka na kwamba kuanzia siku ile amekwisha kukoma hedhi, si kwa kuteremka ngazi moja moja bali kwa kuanguka kutoka juu. Kwa mwanamke wa umri huo suala halihusu joto peke yake, kwa sababu estrojeni hulinda mifupa, na anayeikosa miaka kumi kabla ya wakati wake yumo katika hatari zaidi ya kuvunjika mifupa na ya maradhi ya moyo. Miongozo ya kitabibu hushauri kwamba, kama hana kizuizi, apewe homoni angalau hadi umri wa kawaida wa kukoma hedhi, yaani karibu miaka 51. Yeye hakupewa hata maelezo. Namwomba kila daktari wa upasuaji atakayesoma barua hii amwambie mgonjwa wake kwa Kiswahili chepesi, kabla ya kusaini fomu, ni viungo gani vinavyotolewa na kesho yake itakuwaje.

Kwa upande wangu, nilipata msaada kwa daktari wa magonjwa ya wanawake jijini Dar es Salaam, ambako nilikuwa nimekwenda kwa msiba. Alinisikiliza. Aliniuliza juu ya hedhi ya mwisho, kama kuna saratani ya matiti katika ukoo, kama nimewahi kuganda damu, kupata kiharusi au kuugua ini. Akanipima presha, akanichunguza matiti, akaniagizia picha yake. Ndipo akanieleza kwamba katika ubongo kuna sehemu ndogo inayosimamia joto la mwili, na kwamba estrojeni inapopungua sehemu hiyo hupoteza ustahimilivu wake, hata joto likipanda kidogo tu huagiza mwili utoe jasho kama unaungua. Akanieleza pia kwamba kuungua wakati wa haja ndogo hakukuwa maambukizi: estrojeni ikikosekana, ngozi laini ya ukeni na ya njia ya mkojo huwa nyembamba na kavu, ikawasha na kuuma, na tendo la ndoa likawa mateso. Nilisoma baiolojia chuoni, na hayo nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza.

Alinianzishia jeli ya estrojeni kwa kipimo kidogo na kidonge cha projesteroni cha kumeza usiku. Hicho cha pili ni lazima kwa kila mwenye mji wa mimba, kwa sababu estrojeni ikitumiwa peke yake hunenepesha ukuta wa ndani wa kizazi na inaweza kuleta saratani humo. Kwa ukavu alinipa krimu ya homoni ya kupaka sehemu yenyewe tu, ambayo kiasi kinachoingia mwilini ni kidogo sana. Katika wiki ya tatu niliamka asubuhi moja nikakuta khanga mbili zimekunjwa kando ya kitanda kama nilivyoziweka. Nilizishika kuhakikisha kama ni kavu kweli. Siku hizi mume wangu amerudi chumbani.

Sisemi kila mwanamke atumie. Wapo wanaopita kipindi hiki bila shida, na hao hawahitaji dawa yoyote. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, aliyepata kiharusi, maradhi ya moyo au damu kuganda, mwenye ugonjwa wa ini, na mwenye kutokwa damu ukeni ambako hakujajulikana sababu, hawa kwa kawaida hawapewi homoni za mwili mzima. Kwao zipo dawa nyingine zinazopunguza joto, zikiwamo baadhi ya dawa za sonona kwa kipimo kidogo, na mazungumzo ya kitaalamu ya kubadili namna ya kulipokea joto na kukosa usingizi nayo husaidia. Tiba hii pia haizuii mimba: aliyeona hedhi kwa mara ya mwisho akiwa na zaidi ya miaka 50 aendelee kujikinga kwa mwaka mmoja, na aliye chini ya hapo kwa miaka miwili. Na si kila jasho la usiku ni la kukoma hedhi. Anayetoka jasho huku anakohoa na kupungua uzito apimwe kifua kikuu. Malaria nayo ipo na ipimwe, ila kipimo kikikataa kiaminiwe.

Damu inayorudi baada ya mwaka mzima wa ukavu naitaja peke yake. Wanawake wengi wa pwani huipokea kwa furaha, wakidhani ujana umerejea. Damu hiyo, hata ikiwa tone moja, ipelekwe kwa daktari wiki hiyo hiyo, kwa sababu inaweza kuwa dalili ya kwanza ya saratani ya mji wa mimba, na ikishikwa mapema hutibika.

Pale hospitali zinaponyamaza, wauzaji hawanyamazi. Simu zetu zimejaa matangazo ya kutibu mvurugiko wa homoni, ya kusafisha kizazi na ya kurudisha ujana, na mwanamke aliyeogopeshwa homoni za daktari hununua unga ambao hakuna anayejua kilichomo. Wengine huuziwa vipipi vya kuweka ukeni ili kubana, wakati tatizo lao ni ukavu, wakazidi kujikausha na kujichubua. Kabla ya kumeza chochote, ulizeni kama kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Nitakuwa sisemi kweli nikificha kwamba tiba yenyewe ni ngumu kupatikana. Tanga sikuipata katika maduka ya dawa niliyozunguka; mdogo wangu huninunulia Dar es Salaam na kunitumia kwa basi, nami hulipa kutoka mfukoni, kwa kuwa dirishani niliambiwa bima yangu haihusiki. Mimi nina mshahara. Mama lishe wa hapa kituo cha mabasi, anayesimama mbele ya moto tangu alfajiri huku moto mwingine ukimwaka ndani, hana. Tangu mwaka 2023 tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na wanaopanga kitita cha mafao wanajua vizuri kuliko mimi ni nini kinawezekana. Ninachoomba ni kwamba wanapokaa kupanga, mwanamke wa miaka 50 awe amekumbukwa, walau kwa krimu ya ukavu na kwa aina moja ya estrojeni na projesteroni katika hospitali za rufaa za mikoa. Hatua ya kwanza haihitaji hata bajeti: mhudumu wa zahanati amuulize kila mwanamke aliyepita miaka 40 hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini, kabla ya kumwandikia mseto. Shuleni kwangu nimeanza na kilicho mikononi mwangu. Muhula huu nimeongeza kipindi cha nne, na hicho chote ni cha kukoma hedhi, kwa wavulana na wasichana pamoja, maana wote wana mama.

Gazeti lako nalo, ambalo husomwa na wanawake wasio na mtu mwingine wa kumuuliza, nakuomba ulirudie swali lile, umtafute daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, umpe ukurasa mzima.

Na kwako dada yangu wa miaka 51 uliyeuliza: chukua daftari, andika tarehe ya hedhi yako ya mwisho unayoikumbuka. Kwa wiki mbili andika kila joto linapokuja, saa ngapi, na usiku umeamka mara ngapi. Waulize mama zako wakubwa na shangazi zako kama yupo aliyeugua titi katika ukoo. Kapime presha. Kisha nenda na daftari hilo kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, hata kama ni kwa kusafiri, na akikuambia homoni hazikufai, mwombe akutajie ni kwa sababu gani katika mwili wako, na badala yake atakupa nini.

Wako msomaji wa miaka mingi,

Mwalimu wa baiolojia, Tanga
(Jina limehifadhiwa)